Nilielimishwa au nililainishwa?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nipo Korogwe. Tozo za miamala zilipoanza mwaka 2021 nilikasirika sana, kwa sababu kila wiki namtumia mama hela ya matumizi. Baadaye tukasikiliza maelezo ya viongozi, tukaoneshwa vituo vya afya vinavyojengwa, nikajikuta mimi ndiye natetea tozo pale dukani. Mdogo wangu anafanya kazi Nairobi. Baada ya yale ya Muswada wa Fedha wa Kenya alinipigia akaniambia, 'Dada, wewe ulipigwa saundi.' Naomba unieleze, viongozi wanafanyaje mpaka sisi tunageuka? Na nitajuaje kama nilielimishwa au nililainishwa tu?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, maana watu wazima wachache wanakubali hadharani kwamba waligeuka, na wachache zaidi wanauliza waligeukaje.

Inawezekana vyote viwili vilikupata kwa wakati mmoja, na kuvitenganisha si kazi ngumu ukishajua pa kuangalia. Kuelimishwa ni kupewa habari ambayo hukuwa nayo, ukarudi kulipima swali lako lile lile. Kulainishwa ni kubadilishiwa swali bila kutambua, ukabaki unajibu swali jipya huku ukidhani bado uko kwenye lile la mwanzo. Kiongozi stadi mwenye mageuzi mkononi hahangaiki sana na jibu lako. Anahangaika na swali utakalojiuliza, kwa sababu akishakuchagulia swali, jibu utalifikia mwenyewe kwa miguu yako, na utalitetea kama mali yako. Ndivyo ulivyolitetea pale dukani.

Tuanze na tozo, maana ndiyo iliyokuuma. Makato yalianza tarehe 15 Julai 2021. Aliyetuma au kutoa fedha kwa simu alikatwa kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada ya kampuni ya simu. Swali lako siku ile, kama nilivyokuelewa, lilikuwa: kwa nini nikatwe kwenye hela ninayomtumia mama? Hilo ni swali zito kuliko linavyosikika. Linauliza kodi ikatwe wapi: pale mtu anapopata, pale anapotumia, au pale hela inapohama tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ndani ya familia moja. Linauliza pia nani anaumia zaidi. Mwenye akaunti kubwa benki ana njia nyingi za kuhamisha fedha zake, na wewe una simu yako na wakala wa pale kona.

Sasa angalia maneno yaliyofuata. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, na viongozi wenzake waliipa jina la tozo ya mshikamano. Kiswahili chetu kina majina mengi ya hela inayotoka mfukoni kwa mtu kwenda kwenye shughuli ya wengi: kodi, ushuru, ada, tozo, mchango. Kila jina lina hisia yake. Kodi tunaidai hesabu. Ada tunaidai huduma, hapo hapo. Lakini mchango ni wa msiba, wa harusi, wa darasa la watoto, na anayeukwepa anasemwa mtaa mzima. Neno "mshikamano" lilichukua hisia ya mchango likaivisha kodi. Mtu anayelalamikia kodi ni mwananchi anayedai haki yake. Mtu anayelalamikia mshikamano anaonekana mchoyo. Hapo hoja yako haikujibiwa na mtu yeyote, ila wewe mwenyewe ulianza kuona aibu kuisema.

Kisha yakaja majengo. Serikali ilieleza kwamba fedha zile zinakwenda kwenye vituo vya afya vya tarafa zisizo na kituo, madarasa na barabara za vijijini. Swali likawa: je, unataka akina mama wajifungulie karibu na kwao, au hutaki? Nani atajibu hataki? Lakini hilo halikuwa swali lako. Wewe hukupinga kituo cha afya. Ulihoji njia ya kukilipia. Kati ya kituo cha afya na makato kwenye hela ya mama kulikuwa na njia nyingine nyingi za kuzungumzia: misamaha ya kodi, matumizi ya serikali, wafanyabiashara wakubwa wanaokwepa. Zote zilipotea kwenye mazungumzo, yakabaki mambo mawili tu mezani.

Kuna jambo jingine lililofanya kazi kimya kimya, nalo ni macho. Jengo linaonekana. Lina bati jipya, lina rangi, linapigwa picha. Makato yanadondoka tone kwa tone, leo kwako, kesho kwa jirani, na hakuna mahali yanapokusanyika ukayaona kwa pamoja. Kiongozi yeyote duniani anajua hili: faida ya mageuzi ikusanye mahali pamoja ionekane, gharama yake isambaze isionekane. Mwaka ule ule kodi ya majengo nayo ilianza kukatwa kupitia LUKU, kidogo kidogo kila mwezi mtu anaponunua umeme. Si kwamba njia hiyo ni haramu. Ina urahisi wake wa kukusanya. Lakini kodi usiyoihisi ni kodi usiyoiulizia.

Sitaki nikudanganye kwa upande wa pili. Kama hukujua kwamba kuna tarafa nzima hazina kituo cha afya, na ukajua kwa sababu ya mjadala ule, basi hapo ulielimishwa kweli kweli. Habari hiyo ilikuwa ya kweli na ilikuwa na uzito. Kosa lilikuwa kuiacha ikae mahali pa swali lako badala ya kukaa kando yake.

Na swali lako halikuwa la kipuuzi. Siku chache tu baada ya makato kuanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza yaangaliwe upya. Septemba 2021 yakapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 tozo ikapanuliwa hadi miamala ya benki, kelele zikarudi upya, na Septemba mwaka huo serikali ikatangaza bungeni kuondoa kadhaa kati ya tozo hizo. Ndiyo kusema wale waliobaki na swali lao la kwanza walijibiwa kwa vitendo, wakati wewe ulikuwa umeshaliacha.

Mfano mwingine wa neno kubeba mzigo ni kikokotoo. Nadhani hata huko Korogwe hakuna mwalimu asiyelijua. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya hifadhi ya jamii kuunganishwa, zilitoka kanuni mpya zilizomfanya mstaafu alipwe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, na inayobaki kidogo kidogo kila mwezi hadi mwisho wa maisha. Kwa watumishi waliokuwa PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma na wa serikali za mitaa, mkupuo ulikuwa asilimia 50. Yaani mkupuo wao ulikatwa nusu. Lakini jina lililotawala likawa kikokotoo, chombo cha hesabu, kitu cha wataalamu. Ukisema "naipinga hesabu" unaonekana hujui hesabu. Tukawa tunasikia pia kwamba wastaafu wengi humaliza mkupuo mapema wakarudi kuteseka, na hapo swali likahama tena: kutoka "kwa nini mmebadili makubaliano niliyoyafanyia kazi miaka thelathini?" likawa "je, wastaafu wanajua kutunza hela?"

Wafanyakazi hawakulifuata swali hilo. Walishikilia lile la kwanza mpaka Desemba 2018, Rais Magufuli alipokutana na vyama vyao na kusitisha kanuni hizo hadi mwaka 2023. Mwaka 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33 kwa wote, na kwenye bajeti ya 2024/25 waliokuwa wakipata 50 zamani wakapandishwa kutoka 33 hadi 40. Nimefuatilia jambo hili kwa karibu kwa sababu wanafunzi wangu wengi ni walimu, na kilichonivutia ni kwamba walimu hawakuwa na televisheni wala wasemaji. Walikuwa na namba moja tu, hamsini, na hawakukubali kuzungumzia kitu kingine kabla hiyo haijajibiwa.

Tuvuke mpaka sasa twende kwa mdogo wako, maana Kenya imekuwa shule kubwa ya jambo hili.

Mei 2023 serikali ya Rais William Ruto ilipeleka muswada wa fedha wenye makato ya nyumba. Pendekezo lilikuwa mwajiriwa akatwe asilimia 3 ya mshahara wa msingi, mwajiri aongeze kiasi hicho hicho, na jumla ya wawili hao isizidi KSh 5,000 kwa mwezi. Mwanzoni ilielezwa kama akiba: usipopata nyumba, baada ya muda unarudishiwa hela yako au unaihamishia kwenye pensheni. Wakenya walipopiga kelele, kiwango kikashushwa hadi asilimia 1.5, na wengi wakahisi wamesikilizwa. Hapo naomba uniazime sikio. Iliyopita bungeni ilikuwa asilimia 1.5 ya mshahara wote pamoja na marupurupu, ule ukomo wa KSh 5,000 ukaondolewa, na ahadi ya kurudishiwa ikapotea. Mwenye mshahara wa KSh 50,000 kweli alipunguziwa: badala ya 1,500 akakatwa 750. Lakini mwenye 300,000, ambaye kwa ukomo wa zamani angetoa 2,500, sasa anatoa 4,500. Pengine ni sawa wenye mishahara minono watoe zaidi. Mimi binafsi naona ni sawa. Ila hilo halikujadiliwa. Lililojadiliwa ni "tatu imekuwa moja na nusu", na masikioni mwa mtu yeyote hiyo ni nusu bei. Ni desturi ya sokoni kabisa: mwuzaji anataja bei ya juu, anashuka, mnunuzi anaondoka ameridhika bila kukagua kama kilichofungwa kwenye gazeti ni kile kile alichokishika.

Kisha maelezo yakahama. Watu walipouliza kwa nini mtu mwenye nyumba yake akatwe kwa ajili ya nyumba, jibu likawa kazi: miradi ya ujenzi itaajiri vijana. Anayepinga makato sasa anawanyima vijana ajira. Unaona mwendo wake? Akiba, nyumba, ajira. Kila swali lilipochoka, lililetwa jingine ambalo ni gumu zaidi kulipinga. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema makato yale yanakiuka katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba yaliwabagua wenye ajira rasmi. Serikali ikatunga sheria nyingine, ikatiwa saini Machi 2024, safari hii ikiwahusisha hata walio nje ya ajira rasmi. Yaani pingamizi la ubaguzi lilijibiwa kwa kuongeza wakatwaji.

Ndiyo maana Muswada wa Fedha wa 2024 uliwakuta Wakenya wakiwa wamejifunza. Vijana waliuchukua muswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za makabila yao na kuueleza kwa video fupi za simu: mkate utatozwa VAT ya asilimia 16, magari yatatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, mafuta ya kupikia yatapanda. Walisambaza namba za simu za wabunge, wakawapigia "kuwasalimia". Tarehe 18 Juni serikali ikatangaza kuondoa kodi ya mkate, ya magari na nyingine kadhaa. Kwa miaka yote iliyopita hapo ndipo moto ulipokuwa unazimika. Safari hii vijana wakajibu kwamba hawataki urekebishwe, wanataka ukataliwe wote. Walikataa kufanya biashara ya kushusha bei.

Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, na waandamanaji wakaingia bungeni. Usiku ule Rais alizungumza na taifa kwa lugha ya uhaini na usalama. Kuanzia pale swali halikuwa mkate tena. Lilikuwa: unasimama na amani au na fujo? Hili ndilo swali kongwe kuliko yote katika nchi zetu, na hutolewa pale mengine yote yanapogoma. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini muswada na kuurudisha. Makumi ya vijana waliuawa katika wiki zile, na siwezi kuzungumzia ufundi wa hotuba nikapita juu ya makaburi yao kana kwamba ni mfano wa darasani. Nalitaja kwa sababu watu hufa pia pale swali la kodi linapobadilishwa kuwa swali la usalama: askari hapewi amri ya kumpiga mlipa kodi, hupewa amri ya kumzuia mhalifu.

Utaniuliza, je, basi kila kiongozi anayeshawishi ni mlaghai? Hapana. Kushawishi ni kazi yake halali. Nchi ingekwama kama kila mageuzi yangengoja watu wote wayatake kwanza. Mfano mkubwa tunao wenyewe nyumbani.

Mapema mwaka 1990, wakati CCM ndiyo chama pekee kisheria, Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa chama hicho, alianza kusema kwamba kujadili mfumo wa vyama vingi si dhambi wala uhaini. Ulaya ya Mashariki ilikuwa imeshaanza kuporomoka, naye akatumia methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni, na takriban asilimia 77 kati yao walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi. Chama kikakubali, katiba ikabadilishwa, na Julai 1992 mfumo mpya ukaanza.

Walio wengi walisema kimoja, wakapewa vingi. Kwa nini basi sisemi kwamba Watanzania walilainishwa? Kwa sababu namba ile ya 77 haikufichwa. Iliwekwa mezani, kisha ikatolewa hoja ya kwenda kinyume chake: kwamba wachache nao wana haki, na kwamba hata wengi wa waliotaka chama kimoja walikuwa wanalalamikia mambo ambayo chama kimoja kimeshindwa kuyarekebisha. Na aliyelianzisha jambo lile alikuwa mtu ambaye chama chake ndicho kilichokuwa na cha kupoteza. Mtu anaposema jambo linalomgharimu, maneno yake yana uzito mwingine. Hiki ni kipimo kimoja ninachokuomba ukibebe: je, anayenishawishi anapoteza nini nikikubali? Kama hapotezi chochote, na anayepoteza ni mimi peke yangu, inanibidi nimsikilize kwa makini mara mbili.

Hata hivyo Tume ya Nyalali ilisema jambo la pili pia. Iliorodhesha sheria 40 zilizokuwa zinabana haki za watu na kutaka zifutwe au zirekebishwe, na ilitaka taifa liandike katiba mpya. Swali la "kimoja au vingi" lilijibiwa haraka kwa sherehe. Swali la zile sheria 40 na katiba likaachwa liburute miguu, nyingi ya sheria hizo zikaendelea kwa miaka, na katiba mpya hadi leo tunaizungumzia. Kwa hiyo hata katika mageuzi ninayoyaheshimu, swali lililopewa jukwaa lilimeza swali lililokuwa na meno zaidi. Ninawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: ukipewa mageuzi makubwa, tafuta yale yaliyokuwa kwenye ripoti hiyo hiyo na hayakutajwa kwenye hotuba.

Kuna jambo moja linaloweza kukupa faraja. Hotuba zenyewe, peke yake, zina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Rais George W. Bush wa Marekani, akiwa ameshinda tu muhula wa pili, alizunguka nchi nzima mwaka 2005 akitangaza ziara sitini ndani ya siku sitini, kushawishi watu wakubali sehemu ya michango yao ya uzeeni iingie kwenye akaunti zao binafsi za uwekezaji. Alikuwa na kila jukwaa ambalo kiongozi anaweza kulitamani. Kadiri alivyozungumza ndivyo watu walivyozidi kuupinga mpango wake, na haukuwahi hata kupigiwa kura bungeni. Watu walikuwa na uzoefu wao wenyewe wa jambo lile: bibi zao walikuwa wanapokea hundi kila mwezi. Mtu mwenye uzoefu wake mkononi ni mgumu kugeuza.

Anayegeuka ni yule ambaye jambo limemfikia likiwa bado bichi, hana namba, hana wa kumuuliza, na analetewa maelezo na mtu anayemwamini. Ndiyo maana viongozi wetu hawategemei hotuba peke yake. Wanamtafuta shehe, mchungaji, msanii, mwenyekiti wa mtaa, na siku hizi wale vijana wa mitandaoni tunaowaita chawa. Kumbuka mwenyewe: ulianza kubadilika ulipomsikia waziri redioni, au ulipomsikia mteja wako unayemheshimu akilisema lile lile pale dukani? Nadhani ni pale dukani. Na wewe ukawa mteja huyo kwa mwingine. Sikulaumu. Nakuonesha tu kwamba fundi cherehani anayeongea na watu ishirini kwa siku, akiwa na mkasi mkononi na hana cheo, ana nguvu ambayo waziri anaililia.

Nini la kufanya, basi? Ukisikia mageuzi yanatangazwa, kabla hujasikiliza maelezo ya mtu yeyote, liandike swali lako kwenye karatasi kwa maneno yako. Hata nyuma ya daftari la vipimo. Wiki mbili baadaye, ukishasikia yote, lisome tena na ujiulize kama limejibiwa au limehamishwa. Najua linaonekana jambo dogo, lakini ni dawa pekee ninayoijua ya ugonjwa huu, kwa sababu akili ikishapewa swali jipya husahau kabisa kwamba iliwahi kuwa na la zamani.

La pili, tafuta kifungu chenyewe. Tozo haikuingia kama sheria yenye jina la tozo. Iliingia kwa kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha ambao kila mwaka hugusa sheria nyingi kwa mpigo na hupitishwa mwishoni mwa Juni. Muswada hutangazwa, na kamati ya Bunge huita wadau kutoa maoni, ingawa muda wenyewe ni wa kukimbizana. Kwa wenzetu Kenya katiba inalazimisha ushiriki wa wananchi, kwenye ibara ya 10 na ya 118, na wamekuwa wakiipeleka serikali mahakamani kwa hilo. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani iliitangaza Sheria nzima ya Fedha ya 2023 kuwa batili kwa kasoro za ushiriki huo, ingawa Mahakama ya Juu ilikuja kuutengua uamuzi huo Oktoba. Sisi hatuna kamba nene kiasi hicho ya kushikia, kwa hiyo inatubidi tuulize mapema zaidi. Mbunge wako ana ofisi jimboni. Mwulize Mei, usingoje Julai.

Sasa nirudi kwako na mdogo wako. Amesema ulipigwa saundi, na nusu ya maneno yake ni kweli: jina la mshikamano lilikunyamazisha, na picha za majengo zilikuchukulia swali. Nusu nyingine si kweli, kwa sababu ulijifunza jambo kuhusu tarafa zisizo na huduma ambalo pengine hukulijua, na moyo wako ulikwenda kwa wale akina mama. Usiutupe huo moyo kwa sababu tu mtu alijua kuutumia.

Kama unataka kulimaliza jambo hili vizuri, fanya kazi mbili ndogo. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya kuanzia Julai 2021 hadi mwisho wa 2022, ujumlishe makato yote ya serikali uliyolipa kwa kumtumia mama, shilingi kwa shilingi. Halafu siku ukiwa na nafasi, nenda kwenye kile kituo cha afya ulichokitetea, uulize wana wahudumu wangapi wa zamu ya usiku na kama dawa za kujifungulia zipo. Ukishapata majibu hayo mawili, yaweke kando ya lile swali lako la kwanza, kisha mpigie mdogo wako.